Mjadala: Je, migeuko ya mwisho ya Attack on Titan ilimtendea haki mtazamaji?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam. Naanza kwa tahadhari: mada hii inataja waziwazi yanayotokea mwishoni mwa Attack on Titan, kwa hiyo yeyote ambaye bado yuko njiani na hapendi kuharibiwa uhondo aipite kwa sasa.

Kwa ambao hawaifahamu, hii ni anime (filamu ya katuni ya Kijapani) iliyotokana na manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Hajime Isayama, iliyochapishwa katika jarida la Bessatsu Shōnen Magazine kuanzia Septemba 2009 hadi Aprili 2021 na kukusanywa katika juzuu 34. Anime ilianza kurushwa Aprili 2013 ikitengenezwa na Wit Studio, ikachukuliwa na MAPPA katika msimu wa nne, na ikafungwa Novemba 2023. Inasimulia habari za watu wanaoishi ndani ya kuta tatu kwa kuyaogopa majitu yanayokula binadamu, na za kijana Eren Yeager, ambaye siku lango la mji wake linapovunjwa anamshuhudia mama yake, Carla, akiliwa na jitu, naye anaapa kuyaangamiza majitu yote hadi la mwisho.

Hoja ninayoileta ni kwamba migeuko, yaani mambo yanayoibuka ghafla na kuigeuza hadithi, ya sura ya mwisho haikumtendea haki mtazamaji aliyeifuata hadithi hii kwa miaka kumi. Sina ugomvi na migeuko yenyewe kama mbinu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Chukueni kipindi cha sita cha msimu wa pili, kilichorushwa mwaka 2017. Vita vimetulia, askari wako juu ya ukuta, na Reiner, ambaye tumemzoea kama kaka mkubwa wa kikosi, anamwambia Eren kwamba yeye ndiye lile jitu la deraya na kwamba Bertholdt ndiye lile jitu refu kuliko ukuta. Anayasema hayo kwa sauti ya mtu anayepanga ratiba ya kesho, na Eren mwenyewe anabaki akijiuliza kama amesikia vizuri. Vipindi vichache kabla ya hapo, ndani ya ngome kuukuu, msichana aitwaye Ymir alikuwa amepekua akiba ya chakula na kukuta kopo la samaki lenye maandishi ambayo watu wa ndani ya kuta hawayajui, akayasoma bila kusita, na Reiner akamuuliza kwa mshangao kama anaweza kuyasoma. Wengi wetu tulilipita kopo hilo kama kitu cha kujazia mazungumzo. Baada ya ungamo la Reiner, kila neno la pale ngomeni linapata uzito mpya. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2019, chumba cha chini ya nyumba ya kina Eren kilipofunguliwa na ikabainika kwamba ng'ambo ya bahari kuna mataifa mazima, na kwamba majitu yote yale yaliyouawa yalikuwa binadamu wa kabila lao wenyewe.

Sasa tazameni sura ya 139, ya mwisho katika manga. Eren anamweleza rafiki yake Armin kwamba jitu lililomla mama yake, ambalo asili yake ni Dina, mke wa kwanza wa baba yake, lilikuwa linamwendea Bertholdt aliyekuwa chini hoi, na kwamba ni yeye Eren, kwa nguvu alizozipata baadaye na zinazovuka mipaka ya wakati, aliyeligeuza lielekee kwao. Maana yake ni kwamba kile kiapo cha kipindi cha kwanza, ambacho kimeibeba hadithi nzima, kilitokana na kifo alichokisababisha mwapaji mwenyewe. Jambo zito namna hii limepewa nafasi ndogo ajabu: linasemwa, Armin anashtuka kidogo, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mapenzi ya Eren kwa Mikasa, msichana aliyelelewa naye. Hatupewi nafasi ya kukaa na mtoto aliyemwua mama yake. Nikikirudia kipindi cha kwanza leo sioni kitu kipya ndani yake, isipokuwa kwamba machozi ya yule mtoto yamepungua maana. Naomba kutoa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakupongeza kwa kuijenga hoja yako kwa mifano, lakini naona umeuhukumu mgeuko huo kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni. Sura ya kwanza kabisa ya manga, ya mwaka 2009, inaitwa kwa maneno yanayomsemesha mtu atakayeishi miaka 2,000 baadaye. Sura ya 122 inajibu kwa jina linalotoka kwa mtu wa miaka 2,000 iliyopita. Katika kurasa za mwanzo Eren anaamka chini ya mti huku machozi yakimtoka bila kujua sababu. Mwandishi aliyeweka mambo hayo tangu siku ya kwanza hawezi kutuhumiwa kwamba alikurupuka mwishoni.

Pia umeiruka sura ya 121, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa suala hili. Humo tunaonyeshwa kwamba Grisha, baba yake Eren, alipofika mbele ya familia ya kifalme ya Reiss alishindwa kuwaua watoto, na kwamba ni Eren, kupitia kumbukumbu, aliyemsukuma hadi akafanya mauaji yale. Nakumbuka mashabiki walivyousifu mgeuko huo, na nadhani hata wewe uliusifu. Ikiwa tulikubali kwamba kijana huyu anaweza kumlazimisha baba yake kuua watoto wa wenzake ili njia aliyoiona isivurugike, kwa nini tushangae kwamba njia hiyohiyo ilipita nyumbani kwao? Unachokiita kupungua kwa maana, mimi nakiita kinaya: yule aliyelilia uhuru kuliko wote ndiye mfungwa wa wakati kuliko wote.

Mchangiaji wa pili

Naomba nihamishe macho ya jamvi hili kwa mhusika ambaye wanaume wawili waliotangulia hawajamgusa, ingawa kwangu yeye ndiye jeraha kubwa la sura ile. Namzungumzia Ymir wa kale, mwanzilishi wa nguvu za majitu, si yule msichana wa ngomeni mwenye jina hilohilo.

Sura ya 122 ilimchora kwa namna ambayo sijaiona katika anime nyingine yoyote. Ni mtumwa mtoto, kijiji chake kimechomwa na Mfalme Fritz. Nguruwe wanapotoroka zizini na mkosaji kutafutwa, watumwa wenzake wote wananyoosha vidole kumwelekea yeye, anafukuzwa msituni awindwe na mbwa, na huko ndiko anakoipata nguvu. Mfalme anaitumia nguvu hiyo kujenga barabara na kuangamiza maadui, kisha anamzalisha mabinti watatu kana kwamba ni zawadi. Siku askari anapomrushia mfalme mkuki, Ymir anaukinga kwa mwili wake, na mfalme, badala ya kumshika mkono, anamwambia ainuke akafanye kazi. Anapokufa, mabinti zake wanalishwa mwili wake ili nguvu isipotee. Katika ulimwengu wa roho anaendelea kufinyanga majitu kwa udongo kwa miaka 2,000 hadi Eren anapomkumbatia na kumwambia kwamba yeye si mtumwa wala mungu, ni mtu tu, na kwamba uamuzi ni wake.

Hapo nililia, na sioni aibu kulisema. Kisha inakuja sura ya 139 kutuambia kwamba Ymir alimtii mfalme karne zote hizo kwa sababu alimpenda, na kwamba alikuwa akimsubiri Mikasa amwonyeshe kuwa mtu anaweza kumpenda mwingine na bado akamkatalia. Sikatai kwamba binadamu anaweza kufungamana kihisia na anayemtesa. Jambo hilo lipo, na mwandishi makini angeweza kulichunguza kwa kurasa nyingi. Ninachokataa ni kwamba limeletwa katika mistari michache, kwa kinywa cha Eren, bila Ymir mwenyewe kupewa nafasi ya kulisema, na baada ya sura nzima kutuaminisha kwamba kilichomfunga ni utumwa. Ndugu mchangiaji wa kwanza ametetea vidokezo vya suala la Dina, na kwa upande huo namwona ana hoja. Ningependa anionyeshe ni wapi, kabla ya sura ya mwisho, tulidokezewa mapenzi haya. Ule mkuki peke yake hautoshi, kwa sababu mtumwa anaweza kumkinga bwana wake kwa hofu au kwa mazoea.

Mchangiaji wa tatu

Jamani, ni katuni. Mwandishi ametunga chake, ameuza, amemaliza. Asiyependa atunge ya kwake.

Mchangiaji wa nne

Ndugu hapo juu amelimaliza suala mapema mno, kwa sababu mwandishi mwenyewe hakulimaliza hivyo. Novemba 2022, Isayama alipohudhuria tamasha la Anime NYC jijini New York, alikiri mbele ya mashabiki kwamba mwisho ule bado unamsumbua. Mwaka uliofuata, katika mahojiano na gazeti la The New York Times, alieleza kwamba alijiona amefungwa na mwisho aliouwaza tangu akiwa kijana. Maneno hayo yanaweza kuvutwa pande zote mbili za mjadala huu: anayemtetea atasema kila kitu kilipangwa tangu mwanzo, na anayemlaumu atasema wahusika walikua wakauacha mpango nyuma, lakini mpango haukubadilishwa.

Jambo la pili ambalo halijatajwa ni kwamba anime ya Novemba 2023 haikuinakili sura ya 139 neno kwa neno. Katika manga, Armin anamshukuru Eren kwa kuwa muuaji wa halaiki kwa ajili yao. Eren ameua asilimia 80 ya binadamu wote, na rafiki yake, ambaye tulimjua kama dhamira ya kundi, anasema asante. Sentensi hiyo ilizua ghadhabu kubwa mwaka 2021. Katika anime mazungumzo hayo yaliandikwa upya, na Isayama mwenyewe alishiriki: Armin hamshukuru tena kwa mauaji hayo, anabeba sehemu ya lawama, na anamwambia Eren kwamba watakutana motoni. Matukio hayakubadilika hata moja, lakini mimi nilitoka nikiwa nimeridhika zaidi kuliko nilivyokuwa nilipoifunga manga. Kwa hiyo napendekeza kwamba kilichotukera hakikuwa mgeuko, ni namna wahusika walivyoupokea.

Mleta mada

Nawashukuru nyote, pamoja na ndugu wa tatu, ambaye ningemkumbusha tu kwamba hatudai mwandishi abadilishe kitu. Tunajadili kazi tuliyoipenda, kama tunavyojadili riwaya yoyote.

Kwa mchangiaji wa kwanza: nakubali kwamba vidokezo vya mzunguko wa wakati vilikuwepo, na ni kweli niliisifu sura ya 121. Lakini iangalie tena. Katika sura ile Grisha anapiga magoti, analia, anamkumbatia Zeke, mwanawe wa kwanza aliyemtelekeza, na kumsihi amzuie Eren. Mgeuko ule ulipewa mtu wa kuubeba, na tukaona unavyomwelemea. Suala la Dina halikupewa mtu. Carla amekufa, Dina amekufa, Armin ana mengine ya kuuliza, na Eren analitaja huku kichwa chake, kwa maelezo yake mwenyewe, kikiwa kimevurugika kwa kuona jana na kesho kwa wakati mmoja. Vidokezo vinathibitisha tu kwamba tukio linawezekana. Kuwezekana hakutoshi kunifanya niguswe, na kwa hilo nadhani mchangiaji wa nne amesema kwa ufupi nilichokuwa nakitafuta, ingawa yeye ameridhika na mimi bado.

Kuhusu Ymir, dada yetu amesema kila nilichotaka kukisema, na kwa ufasaha zaidi.

Niongeze kwamba si kila kilichowakera wengine mwishoni kimenikera. Kurasa za ziada za juzuu ya 34, zilizotoka Juni 2021, zinaonyesha kisiwa cha Paradis, nyumbani kwa kina Eren, kikiteketezwa kwa vita vizazi vingi baadaye, na wapo waliosema huo ni ukatili kwa msomaji. Mimi naona ndiyo sehemu ya mwisho iliyo ya kweli kuliko zote, kwa sababu hadithi haikuwahi kutuahidi kwamba mauaji yangeleta amani ya kudumu.

Mchangiaji wa kwanza

Nimesoma, na kwa dada mchangiaji wa pili nasema wazi kwamba zaidi ya mkuki sina kidokezo kingine cha kumpa. Kwa mleta mada, nina swali moja: kama ungepewa kalamu na ukaruhusiwa kuondoa mgeuko mmoja tu kati ya hii miwili, ungeondoa upi?

Mleta mada

Ningeondoa wa Dina bila kusita, kwa sababu ukiutoa hakuna kinachoanguka: Bertholdt anaweza kunusurika kwa sadfa tu, na sadfa moja katika siku yenye vurugu ile hakuna ambaye angeihoji. Wa Ymir ningeubakiza, ila ningeuhamishia sura ya 122, palepale kwenye mkuki, na ningempa Ymir mwenyewe aseme.