Tupeane uzoefu: kula mimea tu, kula vibichi, na mambo yanayoharibika kimyakimya

Mwenye uzi

Wakuu, salama. Uzi huu ni wa wasiokula nyama, wasiogusa chochote cha mnyama, na wale wa vyakula vibichi, pamoja na wataalamu mnaowahudumia. Shuhuda za "nilipona" na "niliumwa" tunazo tele, na hazimsaidii mtu aliyesimama mbele ya sufuria. Leteni uzoefu wenu kwa vipimo: kiasi gani, kwa muda gani, nini huharibika na kwa nini.

Kwanza tuelewane majina, maana ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumponza mwingine. Vejiteriani hali nyama wala samaki, ila maziwa na mayai anakula. Vegani anaacha vyote, hata asali. Mla vibichi hapashi chakula kupita nyuzi 40 hadi 48 hivi, inategemea anafuata mafundisho ya nani, na wengi wao ni vegani pia. Hawa wa mwisho ndio wenye nafasi finyu zaidi ya kukosea.

Darubini

Nianze na vitamini B12, kwa sababu hii haina mjadala. Hutengenezwa na bakteria. Mimea haiihitaji na haiitengenezi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Hapo ndipo watu wanaponaswa: mtu anaacha nyama, mwaka wa kwanza yuko imara, wa pili imara, anaamini mwili wake umezoea. Kumbe anakula akiba.

Kwa vegani kuna njia tatu. Ama vyakula vilivyoongezewa B12, mara mbili au tatu kwa siku, jumla isipungue mikrogramu 3. Ama kidonge cha mikrogramu 10 kila siku. Ama mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Tofauti hizo zina sababu yake: protini inayoibeba vitamini hii utumboni hujaa ikifika mikrogramu 1.5 hadi 2 kwa mara moja, na kinachozidi hapo hupenya chenyewe kwa kiasi cha asilimia 1 tu. Kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 10 ukikimeza mara moja kwa wiki hakitoshi hata kidogo.

Spirulina (unga wa viumbe vya kijani vya majini) na mwani wa baharini usivitegemee. Sehemu kubwa ya kinachosomeka humo kama B12 ni molekuli pacha ambayo mwili hauwezi kuitumia. Tena, mla mboga za majani hupata foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti hurekebisha picha ya damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Damu inaonekana safi, lakini miguu ina ganzi, ulimi umekuwa mwekundu na laini, kumbukumbu inapungua. Ukiona hivyo usiridhike na kipimo cha wingi wa damu. Omba B12 yenyewe, na ikiwa jibu limekaa katikati omba asidi ya methilimaloniki au homosisteini, ambazo hupanda kwenye damu B12 ikipungua. Anayetumia metformini (dawa ya kisukari) apime mapema zaidi, dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wa B12. Na kabla ya kupewa gesi ya usingizi aina ya naitrasi oksidi, mwambie daktari kwamba huli vya wanyama, maana gesi hiyo huizima B12 uliyonayo, na kwa mwenye akiba ndogo ganzi inaweza kuja kwa ghafla.

Chungu Kikuu

Mimi ni wa jikoni. Protini kwa vegani ni mikunde, na mikunde ina kanuni zake.

Maharage mekundu yana lektini (protini ya mmea yenye sumu) iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu. Yaloweke angalau saa 5 (mimi huhesabu usiku kucha), mwaga maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu walau dakika 10, ukitaka uhakika 30, ndipo upunguze moto yaendelee mpaka yalainike. Kinachoponza wengi ni vyungu vya umeme vya moto mdogo. Vingi havifiki mchemko, na joto la nyuzi 80 haliiui sumu hiyo. Linaweza hata kuifanya kali zaidi kuliko maharage yakiwa mabichi. Chemsha kwanza kwenye sufuria, ndipo uhamishe. Ya kopo yamekwishapikwa, hayana shida.

Gesi tumboni inatokana na sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja, bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozila. Kumwaga maji ya kulowekea huondoa sehemu yake. Anayeanza ale vijiko vitatu vinne kwa siku, aongeze wiki hadi wiki, na aanze na dengu zilizokobolewa kabla ya maharage yenye ganda.

Kiasi: kikombe kimoja cha dengu ndogo zilizopikwa kina takriban gramu 18 za protini. Kiwango cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ila kwa vegani mimi naona heri kulenga 1, kwa sababu protini ya mimea humeng'enywa kwa ufanisi mdogo kidogo. Si lazima nafaka na kunde ziwe sahani moja, zikikutana ndani ya siku yatosha. Anayeishi kwa nafaka na matunda bila mikunde kabisa ndiye atakayepungukiwa na laisini, moja ya vijenzi vya protini.

Darubini

Chungu Kikuu, ongeza hapo suala la madini chuma, maana linaanzia kwenye kulowekea hukohuko.

Chungu Kikuu

Kweli. Chuma cha mimea hushikwa na fitati, kemikali za mmea zilizomo kwenye nafaka na mbegu. Kuloweka, kuchipuza na kuchachua hupunguza fitati, na zinki nayo hufaidika. Mkate uliochachuliwa taratibu unakupa zaidi ya mkate bapa wa unga uleule. Kisha weka kitu chenye vitamini C katika mlo wenyewe, si saa mbili baadaye: chungwa moja la wastani lina miligramu 70 hivi, pilipili hoho mbichi nayo inafaa sana. Chai na kahawa zipishe mlo kwa saa nzima. Chai nyeusi ikinywewa pamoja na chakula hukata ufyonzaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu, na hapa ndipo wengi huharibu kazi yote ya kulowekea.

Darubini

Viwango vya Marekani huzidisha mahitaji ya chuma kwa 1.8 kwa asiyekula nyama: miligramu 14 kwa siku kwa mwanamume, 32 kwa mwanamke aliye katika umri wa hedhi. Ni kiwango cha tahadhari, na kukifikia kwa chakula pekee ni kazi. Kikombe kile cha dengu kina miligramu 6.6. Ndiyo sababu nasisitiza kupima feritini (protini inayohifadhi chuma mwilini) badala ya kubahatisha. Chini ya mikrogramu 15 kwa lita akiba imekwisha. Usipime ukiwa na homa au uvimbe wowote mwilini, feritini hupanda na kukudanganya. Vidonge vya chuma visimezwe kabla ya kipimo; wapo wanaorithi hali ya kulimbikiza chuma, na kwao ni sumu.

Mengine kwa haraka. Iodini mikrogramu 150 kwa siku: tumia chumvi iliyowekewa iodini, kwani chumvi nyingi za bahari na za waridi hazina, na mwani wa kelpi unaweza kuwa na nyingi kupita kiasi ukaivuruga tezi ya shingo. Omega 3: kijiko kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa. Nzima hupita tumboni na kutoka zilivyoingia.

Kalsiamu naikalia kidogo, kwa sababu takwimu zake zinanisumbua. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Mchicha na spinachi vinaonekana vimejaa kalsiamu kwenye jedwali, lakini oksaleti, kemikali ya asili ya mmea, huishika, na katika spinachi ni asilimia 5 hivi tu inayoingia mwilini. Kale na kabichi za Kichina zinatoa karibu nusu ya kilichomo. Tofu inafaa kama imegandishwa kwa chumvi ya kalsiamu, soma kibandiko. Maziwa ya mimea yaliyoongezewa kalsiamu yatikise sana kila unapomimina, la sivyo yote inabaki chini ya boksi. Utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza, matokeo ya 2020, uliona vegani wakivunjika nyonga zaidi ya mara mbili ya wala nyama. Sehemu ya tofauti hiyo ni uzito mdogo, sehemu ni kalsiamu na protini pungufu. Mazoezi ya kubeba uzito na vitamini D si hiari kwa kundi hili. Utafiti huohuo, 2019, uliwaona wasiokula nyama na ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22, na kiharusi zaidi kwa asilimia 20. Tuseme yote mawili, tusichague linalotupendeza.

Jani Bichi

Nakuja upande wa vibichi, na nitasema wazi kwa sababu nawapenda wenzangu wa njia hii.

Hoja ya vimeng'enya tuiache. Wanasema kupika huua vimeng'enya vya mmea, ni kweli, lakini asidi ya tumbo nayo huviharibu, na mwili hutengeneza vyake. Faida ya kweli ya vibichi ni vitamini C na foleti, ambazo hupotea sana kwenye maji ya kuchemshia. Upande wa pili, karoti na nyanya zikipikwa na mafuta kidogo hutoa karotini na laikopini, rangi zao zenye faida, zaidi kuliko zikiwa mbichi.

Tatizo kubwa ni nishati. Gramu 100 za spinachi zina kalori 23. Ukitaka kalori 2,000 kwa majani peke yake ni karibu kilo 9, hakuna tumbo la namna hiyo. Kwa hiyo siku ya mla vibichi lazima ijengwe juu ya parachichi, karanga, lozi, mbegu na matunda yenye sukari, majani yaje kama nyongeza. Asiyepima hupungua bila kukusudia. Utafiti wa Ujerumani wa 1999 uliwahoji wala vibichi wa muda mrefu, na kati ya wanawake wa chini ya miaka 45 wapatao asilimia 30 hedhi ilikuwa imevurugika au imekoma. Hedhi ikikosekana miezi mitatu msiiite utakaso. Ni njaa, na mifupa inalipa. Ongeza kalori leo, muone daktari wiki hii.

Mbegu za kuchipuza: joto na unyevu wa kuchipuzia ndio bakteria wanaoupenda, na wanaweza kuwa ndani ya mbegu ambako maji hayafiki. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mbegu za uwatu zilizochipuzwa zilileta mlipuko wa E. koli uliougusa watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50. Mjamzito, mzee, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu wasile chipukizi mbichi. Mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili) aepuke chipukizi za alfalfa. Maharage mekundu kuyachipuza hakuondoi ile lektini, yapikwe tu.

Juisi za kijani: spinachi nyingi mbichi kila siku huleta oksaleti ya kutosha kujenga mawe ya figo, na figo zilizokwishadhoofika zinaweza kushindwa kabisa. Badilisha majani. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asianze wala asiache majani mengi kwa ghafla, vitamini K itampindulia dozi.

Mezani kwa Haki

Niguse maadili, maana wengi wetu tumefika hapa kwa ajili ya wanyama. Neno vegani lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake walipoona kwamba kuacha nyama ukabaki na maziwa hakumalizi jambo. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume wa kundi la maziwa hana kazi humo. Kuku wa mayai nao, vifaranga madume huuawa siku za mwanzo. Vejiteriani mwenye hoja ya wanyama ajue hilo. Jibini nyingi pia hugandishwa kwa reneti ya tumbo la ndama, Parmigiano Reggiano ikiwemo, kwa hiyo si ya vejiteriani. Kwenye vibandiko tafuta gelatini (inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama), E120 iliyo rangi ya wadudu, E904 iliyo utomvu wa wadudu, na vitamini D3 ambayo mara nyingi hutoka kwenye mafuta ya sufu. Ipo D3 ya kuvumwani, isiyotoka kwa mnyama.

Kuna wanaotuambia mavuno ya mimea nayo huua viumbe. Ni kweli, ila mnyama wa kufugwa hula mimea mingi zaidi ya anayoirudisha. Uchambuzi wa watafiti Poore na Nemecek, 2018, ulikuta mazao ya wanyama yakichukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo na kutoa asilimia 18 ya kalori.

Lakini naomba sana: tafsiri ya Jumuiya ya Vegani yenyewe inasema "kadiri inavyowezekana". Dawa yenye ganda la gelatini au laktosi usiiache kwa ajili ya maadili. Uliza kama ipo ya mfumo mwingine, ikikosekana imeze.

Darubini

Na mtoto hachagui maadili, kwa hiyo kwake hakuna majaribio. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilisema mlo wa vegani uliopangwa vyema unafaa umri wote. Mwaka huohuo chama cha lishe cha Ujerumani hakikuupendekeza kwa wajawazito na watoto. Wote wawili walikuwa wanaitazama hatari ileile ya B12, wakatofautiana juu ya wazazi wangapi watapanga vyema.

Mama vegani anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 2.8 za B12 kwa siku, na asipotumia nyongeza maziwa yake yanaweza kupungukiwa nayo sana. Mtoto huanza kulegea, kukataa kula, kuacha kutabasamu au kukaa alikokwishaweza, mara nyingi kabla ya mwaka, na madhara mengine hayarudi nyuma hata baada ya sindano. Asiyenyonya apewe maziwa ya kopo ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya. Maziwa ya mimea ya dukani yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya miezi 12. Tangu miezi 6 chuma kiwe katika chakula cha kila siku.

Chungu Kikuu

Kwa sahani ya mtoto: tumbo lake dogo hushiba nyuzinyuzi kabla ya kupata nishati. Kunde zikobolewe na kupondwa, ongeza kijiko kidogo cha mafuta au siagi ya karanga kwenye kila bakuli, na nafaka zisiwe zote za maganda. Karanga nzima hapana mpaka atimize miaka 5, zinapalia. Vyakula vibichi pekee kwa mtoto, kwangu mimi hapana kabisa.