Nyumba za wavumbuzi huko Antaktika: mbona baridi haizitunzi?

Fundi wa Gikomba:
Salaam wanajukwaa. Mimi ni seremala, na hapa Nairobi maadui zangu ni mchwa na mvua. Juzi binti yangu alinisomea habari za nyumba ya mbao ambayo Robert Scott na wenzake waliijenga mwaka 1911 pale Cape Evans, katika Kisiwa cha Ross, na kwamba ukarabati wake umechukua miaka kadhaa. Mahali pasipo mchwa wala mvua, penye baridi ya friza, mbao huharibiwa na nini? Na kama kazi yenyewe ni ngumu kiasi hicho, kwa nini nyumba isifunguliwe ikapelekwa kwenye makumbusho?

Mhifadhi, Ngara:
Ndugu fundi, mfano wa friza unafaa mpaka umeme ukatike. Wakati wa kiangazi jua la huko halitui, kuta hupata joto, na theluji iliyojipenyeza chini ya sakafu huyeyuka kidogo kisha huganda tena, ikitanuka na kusukuma mbao. Unyevu huohuo huwaamsha kuvu wanaoozesha mbao, kwani wapo hata kule. Lakini lililonishangaza mimi ni chumvi. Nyumba hizo ziko karibu na bahari, kwa hiyo chumvi inayopeperushwa na upepo hutoboa makopo ya chakula kwa kutu, na ikiingia ndani ya ubao huzifumua nyuzi zake moja moja, hadi ubao ukaonekana kana kwamba umeota manyoya.

Mama Zawadi, Lang'ata:
Kuihamisha kunawezekana, maana ililetwa kwa meli ikiwa vipande. Hata hivyo, mimi siungi mkono. Kuta zake zilijazwa mwani ulioshonwa ndani ya magunia ili kuzuia baridi. Ukiiondoa nyumba pale, unabaki na magunia ya mwani tu. Shirika la Antarctic Heritage Trust la Nyuzilandi huvirudisha vifaa palepale vilipokuwa baada ya kuvitibu. Hata wiski ya Ernest Shackleton, mvumbuzi mwingine wa Antaktika, ilirudi: makreti yaliyokuwa yameganda chini ya nyumba yake ya mwaka 1908 huko Cape Royds yalichimbuliwa mwaka 2010, chupa tatu zikasafirishwa hadi Uskoti kuchunguzwa, na mwaka 2013 zikarejeshwa Antaktika. (Mume wangu anasema huo ni ukatili.)

Fundi wa Gikomba:
Ahsanteni sana. Manyoya hayo nayafahamu, kwani niliwahi kuletewa ubao wa jahazi kutoka Lamu niutengenezee meza, na kila nilipoupiga randa vumbi lake lilikuwa laini kama pamba, nami nikamlaumu muuzaji kwamba ameniuzia mti mbovu. Sasa linalonisumbua ni misumari. Wakitia mipya ya chuma, chumvi itaila. Wakitia isiyoshika kutu, haitafanana na ya Scott. Mhifadhi, ninyi kazini huchagua ipi?

Mhifadhi, Ngara:
Isiyoshika kutu, ndugu yangu, mahali ambapo kichwa cha msumari hakionekani. Panapoonekana, huwa tunabishana.