Naomba ushauri: tofali za udongo na paa la kustahimili chumvi, Micheweni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nakusudia kuwajengea wazee wangu vyumba viwili karibu na pwani ya Micheweni, Pemba, bila ya kuingia deni. Kuta za fito na udongo ni rahisi, lakini masika huzila kuanzia chini. Saruji nayo huvushwa bahari, na bei yake hupanda kila inapobadilisha mikono. Fundi mmoja ananishauri tofali za udongo wa kushindiliwa wenye saruji kidogo, juu ya msingi wa mawe, ila nilizojaribu kuziloweka baadhi zimemomonyoka. Je, udongo wenye mfinyanzi mwingi uchanganywe na mchanga na saruji, au chokaa, kwa kiasi gani? Na paa gani la bei nafuu litastahimili hewa ya chumvi (makuti sitaki, nachelea moto), ilhali mabati ya majirani yameshaota kutu?