Mwizi wa kuku usiku: nianze na wavu, mbwa au banda la kuinua?

Mfugaji_Mlandizi
Wakuu, habari za jioni. Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba huku Mlandizi, kiwanja kimepakana na pori. Banda ni la mabanzi, sakafu ya udongo. Kuna kitu kinaingia usiku. Jirani mmoja anasema mbweha, mwingine kicheche. Hela niliyonayo inatosha jambo moja tu kwa sasa: kuinua banda, kuweka wavu, au kutafuta mbwa. Mngeanza na lipi?

Fundi Mabanzi
Mkuu, kabla hujatoa hata mia, sema asubuhi ulikuta nini. Kila mwizi ana namna yake. Ukikuta shimo chini ya ukuta, kuku mmoja hayupo na manyoya yametapakaa kuelekea porini, hapo bweha tunaweza kumtaja. Mbao zimeng'olewa? Nyegere huyo, na usijaribu kumzuia kwa fimbo. Kama kuku kadhaa wamekufa humohumo bandani na wameliwa vichwa tu, mshuku kanu. Na kama wanapungua mchana kweupe, mnyama wa usiku anasingiziwa: hao ni nguchiro, au mwewe akiwa anafuata vifaranga.

Mfugaji_Mlandizi
Walikufa ndani, vichwa hamna. Shimo hakuna. Ila juu, kati ya ukuta na bati, kuna uwazi unaopitisha ngumi.

Bi Mkubwa Tanga
Basi ni kanu, mwanangu. Ana mabaka na mkia mrefu wa pingili, mwembamba, kichwa kikipita mwili mzima umepita. Na kupanda ndiyo kazi yake, kwa hiyo ukiinua banda bila kuziba huo uwazi, atakwea nguzo na kuingia palepale. Kuinua kunafaa kwa unyevu, kwa kinyesi kudondoka chini, na kwa mnyama anayechimba. Ukija kuinua baadaye, zungushia kila nguzo kipande cha bati laini, kucha zikose pa kushika.

Kijana wa Sumu
Mnajichosha. Tia furadani, ile sumu ya wadudu wa shambani, kwenye utumbo wa kuku, kesi imeisha.

Fundi Mabanzi
Kesi ndiyo itaanza. Utaua mbwa wa jirani, paka wako, na tai watakaokula mizoga, na mtoto akishika ule utumbo sitaki hata kumalizia. Halafu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuwinda kwa sumu. Tuendelee na mabanda.

Mwenye mada, ukienda dukani usiseme "wavu" ukanyamaza. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita unazuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Mbwa anauchana kwa meno, na ukishika kutu hata kanu anausukuma. Chukua ule mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi. Nusu inchi inazuia hata panya mkubwa na nyoka wengi. Ni ghali kuliko ule mwingine, ndiyo, lakini wewe huzungushii kiwanja, unaziba uwazi wa juu na madirisha tu. Gongomelea kwa misumari ya U kisha kandamiza kwa ubao kando zote. Kufunga kwa kamba ni kujidanganya.

Mgogo_Mfugaji
Mimi bado nasimama na mbwa. Huku Dodoma bweha wapo kweli, na mbwa akilala karibu na banda wanapita mbali. Ila awe amekua na kuku tangu mdogo, la sivyo atakula mayai kabla ya mwizi hajafika. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwa sababu bweha naye huugua kichaa, na wakipigana umeleta balaa nyumbani. Kwa kanu wa juu ya bati, nakubali, mbwa atabweka tu huku kuku wanaliwa.

Mpemba wa Bristol
Huku Uingereza mbweha mwekundu anakatiza barabarani kama mwenye mji, hata mchana, hasa majira ya kuchipua akiwa na watoto wa kulisha. Wengi huku hawachimbii wavu. Wanaulaza nje ya banda juu ya ardhi kama futi mbili, wanaubana kwa mawe au majani yaote juu yake. Mnyama huchimba palepale ukutani, akikuta waya anakata tamaa. Wenye eneo kubwa wana nyavu za umeme wa betri, lakini nyasi zikigusa waya nguvu inapotea, kila mara uko na fyekeo. Kwa kuku wachache nyuma ya nyumba sioni faida yake.

Njeri_Kuku
Na taa za kumetameta je? Richard Turere, yule Mkenya, alizitumia Kitengela akiwa bado kijana mdogo, simba wakaacha kuvamia zizi la mifugo la kwao.

Mgogo_Mfugaji
Dada, simba wa mbugani anaona taa inayocheza anadhani mtu anatembea na kurunzi. Kanu wa Mlandizi amezoea taa za nyumba na bodaboda. Sioni akishtuka.

Mfugaji_Mlandizi
Asanteni. Naziba juu kwa wavu wa nusu inchi wiki hii, banda litainuliwa tukivuna. Swali dogo: kuna kenge mchana anafuata mayai. Wavu utamzuia?

Bi Mkubwa Tanga
Mchana mlango si uko wazi? Kenge anaingia mlangoni kama kuku. Viota vya kutagia vipandishe ukutani, mbali na ngazi ya kuku, na mayai yaokotwe kabla ya adhuhuri na tena alasiri. Mtetea anayeatamia mhamishie chumba chenye mlango, na vifaranga vikitoka vikae chini ya tenga kubwa mpaka viote manyoya ya mbawa. Tenga liwekee jiwe juu.