Mrejesho: kozi ya usalama kwa wanaoanza kuwinda bata mzinga mwitu, Pennsylvania

Wakuu, niliuliza kama mwindaji mpya hapa Pennsylvania lazima asome kozi ya usalama kabla ya kupata leseni. Ni lazima, na nimeshaimaliza. Asanteni sana mlionihimiza.

Kilichonishtua ni rangi. Kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na buluu, hivyo hata leso nyekundu ikichungulia mfukoni, mwenzako aliyejificha anaweza kufyatua akidhani ni ndege. Unakaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako. Mtu akisogea, usipunge mkono. Paza sauti ajue upo. Katika msimu wa machipuko, mwindaji humwita ndege aje; kumnyatia ni marufuku: anayelia kichakani huenda ni mwindaji mwenzako anayeiga mlio. Hilo peke yake lilitosha kunikalisha darasani. Sasa nakwenda kukata leseni.