Kanisa la kale la Bagamoyo: jengo lenyewe ni lipi?

Swali, kutoka Changamwe, Mombasa
Hamjambo ndugu zangu. Ninanuia kumpeleka mama mzazi Bagamoyo kuzuru kanisa la wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambalo amelisikia tangu usichana wake, na magoti yake sasa hayatuachii nafasi ya kuahirisha. Picha zinanichanganya: nyingine zaonyesha mnara, nyingine kanisa kubwa. La kale ni lipi, na tushukie wapi?

Jibu, kutoka Likoni
Dada, misheni ilianza mwaka 1868, na kanisa la kwanza likajengwa mwaka 1872. Mnara huo ndio masalio yake. Unaitwa Mnara wa Livingstone kwa sababu maiti ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, iliyobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Chitambo (Zambia ya leo), ililazwa hapo usiku mmoja mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, basi mtembezaji akikwambia kuwa Livingstone alilazwa humo, mkatalie kwa adabu.

Mabasi ya Dar es Salaam hupitia Lunga Lunga na Tanga. Mwambie utingo awashushe Msata, mpande daladala. Kutoka hapo ni lami, kilomita 64. Mjini chukueni bajaji (ndiyo tuktuk yetu), kwani misheni iko mbali kidogo na kituo na mama asitembezwe juani.

Jibu, kutoka Kibokoni
Mimi ni Mwislamu, na nilipokelewa vizuri. Nilivaa buibui langu kama kawaida. Msiukose mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Shinani kimechomoza kipande cha mnyororo, kifupi mno, kingine chote kimemezwa na gome. Wageni hupenda kuamini kuwa kilifungia watumwa, kumbe alifungwa punda.

Habari za watumwa zimo katika makumbusho, kwenye nyumba ya zamani ya masista: watoto waliokombolewa sokoni Unguja wakalelewa hapo misheni, kama vile Waanglikana walivyowaweka waliokombolewa hapa kwetu Frere Town, penye kengele iliyotupa jina la Kengeleni.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Mama ameuliza jambo moja tu, kama makaburi ya wamisionari yako karibu na kanisa.

Jibu, kutoka Kibokoni
Yako humo humo misheni, shikamoo zangu zimfikie. Wengi waliozikwa pale walikufa vijana kwa malaria. Misalaba yao ni midogo, na tarehe zasomeka.