Tupeane uzoefu: spoti ya siti mbili ya mtumba, kwa sisi tunaoishi Mtwara na Lindi

Baharia wa Shangani (mwanzisha mada)

Habari za majukumu wakuu. Kwa muda sasa natafuta gari ndogo ya siti mbili, ya kufungua paa, kwa bei ya mtu wa kipato cha kawaida. Nazizungumzia Mazda Roadster (nje ya Japani wanaiita MX-5), Toyota MR-S, Daihatsu Copen na jamii hiyo. Kila ninayemgusia hapa mjini ananiambia hizo ni gari za Masaki, huku kusini barabara hazitaki na spea hakuna. Sikubaliani nao. Mtwara hadi Lindi ni lami, Masasi ni lami. Na Roadster ndiyo spoti ya siti mbili iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani. Ile ya milioni moja ilitoka kiwandani Aprili 2016. Gari iliyosambaa namna hiyo spea zake zipo, ni suala la kujua pa kuziagiza.

Nawaomba waliowahi kuimiliki au kuitengeneza huku huku kwetu, penye hewa ya chumvi na vumbi la msimu wa korosho. Ulichukua ipi, ulikagua nini, ilikusumbua wapi. Uliyesikia kwa jirani, tuwaachie kwanza wenye nazo.

Mkaa Mikindani

Karibu sana mkuu. Mimi nina Roadster ya toleo la pili, lile lililoanza 1998, taa za mbele za kawaida, siyo zile za kunyanyuka. Injini 1.8, gia za mkono. Niliichukua Dar kwa mtu, nikashuka nayo mwenyewe, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Lindi, hadi nyumbani. Gari haina nguvu za kutisha ila ni nyepesi, na injini mbele inasukuma tairi za nyuma. Pale unapokaribia Mikindani, kona zinapoteremka kuelekea baharini, ndipo utaelewa kwa nini watu wanaipenda. Stelingi inakuambia kila kitu kinachotokea kwenye tairi.

Sasa nisikilize vizuri. Nunua bodi. Injini hizi ni ngumu na zinatengenezeka. Bodi iliyooza itakumaliza hela. Na kuoza kwake hakuanzii unapodhania.

Paa likiwa limefungwa, mvua inateremka nyuma ya turubai, inaingia kwenye mfereji wa mpira, kisha kwenye vitundu viwili, kimoja kila upande, nyuma ya siti karibu na mikanda. Toka hapo kuna mrija unaoshusha maji mpaka chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani na vumbi vikiziba ule mrija, maji yanajaa, yanafurika, yanaingia ndani ya ubavu wa chini ya mlango na kulala humo. Bati linaoza kutoka ndani kuja nje. Wewe unaona rangi inang'aa, kumbe ukibonyeza kwa kidole gumba upande wa nyuma kabisa, karibu na tairi, panabonyea.

Kwa hiyo ukienda kuiona gari beba chupa ya maji. Omba wafungue paa nusu, mwaga maji taratibu kwenye kitundu kimoja, mwenzako awe amechuchumaa chini anaangalia. Yakitoka haraka na safi, vizuri. Yakichelewa, au yakitoka na matope mekundu, hiyo bei ishuke sana au uondoke. Rudia upande wa pili, usiridhike na mmoja. Kisha tia mkono chini ya zulia nyuma ya siti. Likiwa na unyevu na kuna harufu ya uvundo, jibu umeshalipata.

Kwa toleo hili la pili kuna pengine pa kuangalia: ile mihimili miwili ya mbele inayobeba injini. Imetengenezwa kwa mabati yaliyobebana, na kutu inaanzia katikati yake. Gari ipandishwe, au iingie kwenye shimo la gereji, umulike kwa tochi. Muuzaji akikataa kuipandisha, muage kwa amani.

Baharia wa Shangani

Asante sana mkuu, hili la chupa ya maji sikuwahi kulisikia. Matuta je? Ndiyo hofu yangu kubwa.

Mkaa Mikindani

Matuta yale ya kawaida inapita ukienda pole pole na kulaza gari upande kidogo, tairi moja ianze. Tatizo ni gari iliyoshushwa. Wajapani wengi wanaweka springi fupi. Ukikuta imeshushwa, dai springi za asili au uzipunguze kwenye bei, maana huku hutaitumia ikiwa hivyo. Na Msimbati sahau, ule mchanga si wake. Nikienda ufukweni naiacha kwenye ardhi ngumu, nikirudi naosha chini kwa maji yasiyo na chumvi, siyo bodi tu.

Mwana Lindi

Kwa upande wangu nina Toyota MR-S, ilitengenezwa kati ya 1999 na 2007. Injini ipo katikati, nyuma ya mgongo wako. Nilichagua hii kwa sababu moja: injini yake ni 1ZZ, ile ile iliyomo kwenye Premio na Allion za 1.8 zilizojaa mitaani. Nikihitaji pampu ya maji, sensa au gasketi, sitaji kabisa kwamba nina spoti. Nasema 1ZZ, napewa. Fundi yeyote wa Toyota hapa Lindi anaijua kwa macho yaliyofumba.

Lakini ujue magonjwa yake. Zile za miaka ya mwanzo zinakula oili, ringi za pistoni zinaganda. Tena ndani ya menifoldi ya moshi kuna masega madogo ya kusafisha moshi ambayo yakizeeka yanasagika, na unga wake unaweza kurudi kwenye silinda. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kabla ya kuongea bei, na mwombe mwenye gari aikanyage huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu, usiendelee.

La pili, rejeta iko mbele na injini iko nyuma, mabomba ya maji yanapita chini ya gari urefu wote. Fundi akibadili maji ya rejeta bila kutoa hewa ipasavyo, gari itachemsha, nawe utaambiwa gasketi imekufa. Yangu ilichemsha hivyo hivyo baada ya kutoka gereji moja, nikaambiwa nifungue injini. Nikaipeleka kwa mzee mwingine, akatoa hewa kwa subira mbele na nyuma, ikatulia hadi leo.

Tairi za mbele na za nyuma hazilingani: mbele 185/55, nyuma 205/50, zote za rimu 15. Huku dukani hutazikuta zote, agiza Dar mapema. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ikakatika upande wa Somanga, mzigo wa tairi zangu ulikwama huko juu. Tangu siku ile tairi za akiba zipo stoo.

Na mizigo haibebi. Begi dogo nyuma ya siti, basi.

Mkulima Tandahimba

Nilikuwa na Roadster, niliiuza na sijutii kuwa nayo wala kuiuza. Nina shamba. Ikifika wakati wa kupulizia nahitaji kubeba salfa, na watoto nao wanakwenda shule. Kama ndiyo gari pekee nyumbani, tafakari. Kama kuna pikapu au hata bodaboda ya kukusaidia kazi za nyumbani, endelea, kwa kweli ni gari ya furaha.

Dada wa Masasi

Jamani wanaume mmesahau Copen. Mimi ndiyo gari yangu ya kazini kila siku. Injini cc 659 yenye turbo, paa ni la bati la alumini linalojikunja lenyewe kwa kitufe. Kwa jua na vumbi la huku bati ni bora kuliko turubai, na mtu hawezi kulichana kwa kisu. Mafuta inanusa tu.

Cha kukagua ni hilo hilo paa. Lifungue na kulifunga mara kadhaa mbele ya muuzaji, injini ikiwa inawaka. Likisita katikati, likienda upande mmoja kabla ya mwingine, au ukiona oili imelowesha ndani ya buti, mfumo wake wa kusukuma unavuja. Wa kuutengeneza huku nimetafuta sijampata, nilipeleka Dar. Na turbo inataka oili safi kwa wakati, usisogeze tarehe.

Kaka Baharia, ukiagiza mwenyewe Japani, cc ndogo inakusaidia kwenye kodi pia.

Baharia wa Shangani

Dada nashukuru. Kuna anayeijua vizuri hiyo hesabu ya kodi?

Mzee wa Bandari

Kijana wangu, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa unafuata cc: mpaka 1000 ni sifuri, zaidi ya 1000 mpaka 2000 ni asilimia 5, juu ya hapo 10. VAT 18. Halafu kuna uchakavu, na hapo ndipo wengi wanashtuka: gari iliyopita miaka 10 ni asilimia 30. Hizi zote unazozitaja hapa, ukitoa matoleo mapya, zimeshapita miaka 10. Tena TRA hawafuati risiti yako tu, wana thamani yao kwenye kikokotoo cha mtandaoni. Weka modeli na mwaka kule kabla hujatuma hata senti. Ndiyo maana mara nyingi iliyokwisha kuingia nchini, yenye kadi safi, inakuwa nafuu kuliko kuagiza.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada ya Kijapani. Ile michoro ya gari ina herufi: A mkwaruzo, U kubonyea, W palinyooshwa na kupigwa rangi. Zinazokuhusu zaidi ni S, yaani kutu, na C, yaani bati limeliwa. Daraja ikiandikwa R au RA, ilipata ajali ikatengenezwa. Na uulize imetumika mkoa gani. Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Ukiichukua ya huko ukaileta kwenye chumvi yetu, umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Fundi Chikongola

Nawasalimu. Nimezifanyia kazi Roadster kadhaa hapa mjini. Naongeza machache.

Sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa, pitisha chini ya milango na juu ya matairi ya nyuma. Isiposhika hapo, kuna puti, yaani bati limezibwa na kupakwa rangi juu. Boneti usiogope, ya toleo la kwanza ni alumini, haitashika hata ikiwa nzima.

Tanki la juu la rejeta ni la plastiki. Likiwa jeusi liko salama. Likigeuka kahawia limekaushwa na joto, na kwa joto letu litapasuka safarini. Hesabu rejeta mpya kwenye bei.

Klachi: kanyaga mara nyingi mfululizo. Ikishuka laini au gia ikakwaruza, silinda yake ya chini inavuja. Siyo ghali, ila pata punguzo.

Toleo la kwanza, 1989 hadi 1997, dirisha la nyuma la paa ni plastiki na lina zipu. Fungua zipu kwanza ndipo ukunje paa. Asiyefanya hivyo plastiki inavunjika kwenye mkunjo, na jua la huku linaikausha upesi. Ukiweza pata lenye kioo.

Mlio wa tik tik juu ya injini ikiwa ya baridi kwa toleo la kwanza ni kawaida, mara nyingi unaisha ikipata moto na oili ikiwa nzuri. Mlio mzito wa chini ni habari nyingine.

Baharia wa Shangani

Mmenifungua sana wakuu. Nimepata Roadster ya 2001, ipo Dar, mwenyewe anasema haina kutu. Jumamosi naenda kuiona. Nitakuwa na chupa ya maji, tochi na sumaku. Fundi, kuna lolote la kumwambia kabla sijafika?

Fundi Chikongola

Mwambie mambo mawili. Asiioshe chini, utaitazama kama ilivyo. Na asiiwashe asubuhi hiyo mpaka ufike. Ukifika weka kiganja juu ya injini kabla ya funguo, ikiwa na joto, mwambie utarudi ikishapoa.